Sungura Mgonjwa Anauawa na Kiu Kabla ya Ugonjwa: Jinsi ya Kumnywesha Maji



Hapa Bungu kipupwe kimekolea. Ukungu unashuka saa 10 jioni, na asubuhi maji ya bomba yanauma vidole. Huu ndio msimu ambao simu yangu inaita sana kuhusu sungura, na simu nyingi zinafanana: "Shikamoo mtaalamu. Sungura wangu hali toka jana. Nimpe dawa gani?"

Somo la leo ni jibu la swali hilo. Jibu lenyewe huwa linawaudhi vijana wengi, maana mtu ameshika hela mkononi, yuko tayari kwenda duka la pembejeo, halafu mimi namwambia: kaka, kabla ya dawa, maji. Sungura wengi wanaokufa mikononi mwetu hatujui hata walikuwa wanaumwa nini. Tunachoweza kujua ni kwamba walikauka. Ugonjwa ulimfanya aache kula na kunywa, na ile kiu ikammaliza kabla ugonjwa haujamaliza kazi yake.

Kisa cha Bibi

Kijana mmoja wa hapa kwetu ana majike 22. Jike lake la kwanza kabisa, New Zealand mweupe, mdogo wake wa kike alilipa jina la Bibi, kwa sababu nusu ya banda ni watoto na wajukuu wake. Bibi ni sungura wa biashara, lakini pia ni wa nyumbani. Jioni anafunguliwa anatembea uani, mtoto akitoka shule anampa majani kwa mkono.

Mwezi uliopita Bibi akiwa na watoto 7 wa siku tisa, akaacha kula. Yule kijana akampa dawa ya unga ya kuku aliyokuwa nayo ndani, akaikoroga kwenye maji ya kinyweo, akalala. Asubuhi kinyweo kilikuwa kimejaa vilevile. Akasema moyoni, basi huyu hataki dawa. Alinipigia usiku wa pili.

Nilipofika, kitu cha kwanza nilichofanya ni kubonyeza ile ncha ya kinyweo kwa kidole. Halikutoka tone. Ukungu wa kijani na mchanga vilikuwa vimeziba. Bibi hakuwa amekataa dawa. Alikuwa amekosa maji, siku mbili, huku ananyonyesha watoto saba.

Niwaambie namba moja muiweke kichwani. Sungura mzima anahitaji takribani mililita 100 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo tatu ni mililita 300, yaani zaidi kidogo ya kikombe cha chai. Lakini jike anayenyonyesha anaweza kunywa lita nzima kwa siku, na wengine zaidi. Kwa hiyo kinyweo kikiziba, wa kwanza kuanguka ni mama mwenye watoto, yaani yule anayekuingizia hela.

Kwa nini sungura akikauka tumbo linasimama

Tumbo la sungura halikai tupu. Muda wote kuna kitu kinasukumwa kutoka mbele kwenda nyuma, na kinachosukuma ni nyuzinyuzi za majani pamoja na maji. Sungura akiacha kula, kwa maumivu ya jino, kwa hofu ya mbwa, kwa baridi, au kwa ugonjwa wowote, ule msukumo unapungua. Maji yaliyomo kwenye chakula yanaendelea kufyonzwa na mwili, na chakula kinakauka kinakuwa kama ugali mgumu uliolala. Kikikauka hakisogei. Kisiposogea gesi inajaa. Gesi inauma, na anayeumwa tumbo hali. Tayari amekwama kwenye duara.

Kumbuka pia sungura hawezi kutapika. Kilichoingia hakina njia ya kurudi.

Ndiyo maana nasema sungura mkubwa aliyekaa saa 12 bila kula ni dharura ya leo leo. Msisubiri "tuone kesho". Na hapo hapo utaelewa kwa nini dawa peke yake haisaidii. Dawa ya kunywa ikifika kwenye tumbo lililosimama, nayo inasimama. Na kuna dawa, kama zile za jamii ya salfa tunazotumia kwa koksidiosisi na baadhi ya dawa za maumivu, ambazo zinapitia kwenye figo. Ukimpa sungura aliyekauka, unaweza kumuumiza figo badala ya kumponya. Maji ndiyo yanayoifungulia dawa njia.

Dalili za kukauka: mikono na macho yako yanatosha

Kabla hujatafuta bomba la sindano, mkague. Dakika tano tu.

1. Ngozi. Vuta ngozi ya katikati ya mabega juu kidogo, kisha achia. Ya mzima inarudi hapo hapo. Ikibaki imesimama kama hema, hata kwa sekunde mbili, maji yamepungua. Kwa sungura mzee au aliyekonda sana kipimo hiki kinaweza kudanganya, kwa hiyo usikitegemee peke yake.
2. Fizi. Inua mdomo wa juu, gusa kwa kidole safi. Ziwe na unyevu na utelezi. Zikishika kidole kama gundi, amekauka.
3. Macho. Yakiwa yamezama ndani, hali imeshakuwa mbaya.
4. Kinyesi. Vidonge vya sungura mzima ni vikubwa, vya mviringo, vinavunjika kwa urahisi. Vikiwa vidogo, vigumu, vyeusi, au hakuna kabisa, tumbo limepungua mwendo au limesimama.
5. Mkojo. Mkojo wa sungura kwa kawaida una ukungu, na rangi yake inaweza kuwa njano hadi wekundu wa kahawia. Hilo lisikutishe. La kukutisha ni mkojo kidogo mno na mzito kama tope.
6. Mizani. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Gramu moja ya maji ni mililita moja. Sungura aliyekuwa na kilo 3 jana, leo ana 2.85, hajapungua nyama usiku mmoja. Sehemu kubwa ya hizo gramu 150 ni maji na tumbo lisilojazwa. Mfugaji wa biashara asiye na mizani na daftari anafuga kwa kubahatisha.

Halafu shika tumbo lake taratibu kwa mikono miwili. La kawaida ni laini. Likiwa limekaza kama mpira uliojazwa upepo, SIMAMA HAPO. Usimnyweshe kwa nguvu, usimlishe. Linaweza kuwa limeziba au limejaa gesi, na ukiongeza kitu kwa juu unaweza kulipasua. Huyo ni wa daktari wa mifugo moja kwa moja.

Joto kwanza, kisha maji

Hapa ndipo wengi wa huku milimani tunapokosea. Joto la mwili wa sungura mzima ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinatosha: kipake mafuta kidogo, kiingize sehemu ya haja kubwa sentimita moja au mbili, bila kulazimisha. Likiwa chini ya 38, mwili umepoa na damu haizunguki vizuri. Ukimpa maji akiwa hivyo, tumbo haliyafyonzi.

Bibi alikuwa na 37.2. Masikio baridi kama chuma. Tulimfunika taulo, tukajaza chupa mbili maji ya moto, tukazivingirisha kanga, tukaziweka ubavuni mwake upande mmoja tu, ili akizidiwa na joto aweze kusogea. Usimwekee chupa tupu kwenye ngozi, utamuunguza. Wala usimweke karibu na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa; hewa ile inaua watu, itakuwa sungura? Tulikaa karibu saa nzima mpaka kipimajoto kikasoma 38.3. Hapo ndipo tukaanza maji.

Kwa wale mnaoshusha sungura kwenda Korogwe au Mombo, kumbukeni upande wa pili. Sungura hatoi jasho. Joto linamtoka zaidi kwenye masikio. Kule chini jua likizidi nyuzi 30 anaanza kuhangaika. Ukimkuta anahema mdomo wazi na masikio yanachoma, mpeleke kivulini, lowesha masikio kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, mpe maji anywe mwenyewe. Usimtumbukize kwenye ndoo ya maji baridi.

Maji gani?

Kama hajaharisha, maji safi ya kawaida, ya uvuguvugu, yanatosha kuanzia. Kama anaharisha, au amekauka kwa kipimo cha ngozi na fizi, tumia ORS ileile ya watoto, isiyo na ladha wala rangi. Soma pakiti inasema lita ngapi, ichanganye kamili na maji yaliyochemshwa yakapoa, na ukishakoroga itumie ndani ya saa 24. Inayobaki imwage.

Kwa nini ORS na si maji ya sukari tu? Kwenye ukuta wa utumbo chumvi na glukosi huingia kwa pamoja, na zikiingia zinavuta maji nyuma yake. Ni kama mlango wenye funguo mbili. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita ya Bangladesh walipopatwa na kipindupindu huko Bangaon, India, dripu zikaanza kuisha. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake wakachanganya chumvi, glukosi na magadi ya kuokea, wakawapa wagonjwa wanywe. Vifo, ambavyo vilikuwa karibu asilimia 30, vilishuka hadi asilimia 3.6 kwa waliohudumiwa hivyo. Utumbo wa sungura nao unatumia mlango huohuo.

Ukikosa ORS usiku, koroga vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita moja ya maji safi. Hiyo ni ya kukuvusha mpaka asubuhi tu, maana sukari nyingi inaharibu tumbo la sungura. Soda, maziwa, juisi na chai ya sukari, hapana.

Namna ya kumnywesha

Sasa nisome hapa kwa makini, maana hapa ndipo nilipoua.

Nilipokuwa mgeni kazini, mtoto mmoja aliniletea sungura wake wa kufuga ndani ya kikapu. Alikuwa hoi. Mimi kwa kujiamini nikamlaza chali mapajani, kama mama anavyompakata mtoto, nikamwagia maji mdomoni kwa kijiko. Akakohoa kidogo, maji yakatoka puani, akajinyoosha. Ilikuwa imeisha. Maji yalikuwa yameingia kwenye mapafu. Yule mtoto hakulia pale pale, aliniangalia tu. Nimefundisha somo hili mara nyingi tangu siku ile, na kila mara namwona.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Tafuta bomba la sindano la mililita 5, kwa watoto la mililita 1. TOA SINDANO, tupa mahali salama. Unahitaji bomba peke yake.
2. Pasha maji yafikie joto la mwili. Dondoshea kwenye mkono wako upande wa ndani: usisikie moto wala baridi.
3. Mvingirishe sungura kwa taulo au kanga, miguu ndani, kichwa nje. Mkalishe juu ya meza au mapajani AKIWA AMEKAA KWA MIGUU YAKE, kichwa usawa wa kawaida. Asilale chali, asiinuliwe kidevu juu.
4. Meno ya mbele ya sungura yana nafasi tupu nyuma yake kabla ya magego. Ingiza ncha ya bomba pembeni ya mdomo, kwenye nafasi hiyo, ikielekea upande wa pili wa shavu, si kooni.
5. Sukuma kidogo sana, nusu mililita hivi, yaani matone kama kumi. Simama. Angalia taya zikitafuna na akimeza. Hajameza, usiongeze.
6. Akikohoa, akipiga chafya au maji yakitoka puani, acha mara moja, mwinamishe kichwa chini kidogo, mwache apumue mpaka atulie.
7. Mfute kidevu na shingo akauke. Manyoya yenye maji katika baridi hii yatamrudisha kwenye baridi uliyomtoa.

Sungura aliyelegea kabisa, asiyeweza kuinua kichwa wala kumeza, usimpe chochote mdomoni. Mpashe joto na umwahishe kwa mtaalamu.

Kiasi gani, mara ngapi?

Kanuni: kidogo kidogo, mara nyingi. Kwa mara moja usizidishe mililita 10 kwa kila kilo.

Tuchukue Bibi, kilo 3. Mahitaji ya siku ni 100 × 3 = mililita 300. Kila mara anaweza kupokea 10 × 3 = mililita 30. Kwa hiyo anahitaji mara 10. Tulipanga hivi: kila baada ya saa mbili, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku, hizo ni mara tisa; ya kumi saa 8 usiku. Mtoto wa nusu kilo ni mililita 50 kwa siku, 5 kila mara.

Na lile pengo lililokwisha kutokea? Kama amepoteza asilimia 5 ya uzito, kilo 3 ni gramu 150, sawa na mililita 150 za kufidia, juu ya zile 300. Usizifidie zote kwa mpigo. Gawanya kwa siku mbili. Akianza kunywa mwenyewe au kula majani yenye maji, punguza ya bomba.

Mtu ataniuliza, mtaalamu, nani ataamka saa 8 usiku kwa ajili ya sungura? Mdogo wake yule kijana ndiye aliyeamka. Aliweka kengele kwenye simu ya kaka yake.

Maji ya chini ya ngozi

Hizo mililita zote kwa mdomo ni kazi kubwa, na sungura aliyekauka sana hawezi kuzimaliza. Hapo ndipo mtaalamu wa mifugo anampa maji chini ya ngozi, nyuma ya shingo ambako ngozi ni legevu. Si kazi ya kujifunza kwa kusoma; uonyeshwe kwa mkono. Lakini jua cha kutarajia ili uweze kuuliza maswali. Anatumia maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 au Ringer, yaliyopashwa joto, kama mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa sehemu moja, kwa sindano safi na mpya. Utaona uvimbe laini kama mfuko, unanyonywa taratibu ndani ya saa chache. Ukikaa mpaka kesho yake upo vilevile, damu haizunguki vizuri, mpigie tena. Dripu ya sukari haiwekwi chini ya ngozi.

Bibi nilimpa hivyo mara mbili, usiku ule na asubuhi yake.

Maji yakishaingia, nyuzinyuzi

Maji yanalainisha, majani ndiyo yanayosukuma. Tumbo likiwa laini na joto limerudi, mwekee majani makavu safi mbele yake. Kama haharishi, mpe majani mabichi uliyoyaosha na kuyaacha yakichuruzika maji: matembele, mashona nguo, Guatemala changa ya kwenye matuta. Asipogusa kwa saa 12 zaidi, loweka chakula chake cha vidonge kwenye maji ya uvuguvugu mpaka kiwe uji mwepesi, umpe kwa bomba kwa utaratibu uleule wa maji, na hesabu ileile ya mililita 10 kwa kilo, uji na maji kwa pamoja.

Usimpe majani ya viazi mviringo wala ya nyanya, hata kama shamba limejaa. Yana sumu. Kabeji nyingi kwa tumbo lililosimama inaongeza gesi. Uji wa mahindi na mkate vinachachuka tumboni.

Anayeharisha ni tofauti: ondoa majani mabichi yote, acha majani makavu na ORS, mtenge na wenzake, safisha kizimba kila siku kikauke. Kwa watoto kuanzia wiki ya nne hadi ya kumi na mbili, fikiria koksidiosisi na umwite mtaalamu siku hiyo hiyo. Mtoto wa nusu kilo anayeharisha hana maji ya akiba ya kumfikisha kesho.

Onyo la dawa za dukani

Ampisilini, amoksilini, penisilini ya kumeza, linkomaisini, klindamaisini na erithromaisini: usimpe sungura kwa mdomo kamwe. Zinaua bakteria wazuri wa tumboni, wabaya wanachukua nafasi na kutoa sumu, na sungura anaharisha mpaka anakufa siku chache baadaye. Dawa ambayo kuku anaipata na kupona inaweza kumuua sungura. Ile dawa ya unga ya yule kijana ilikuwa na mojawapo ya hizo. Kilichomwokoa Bibi ni kwamba kinyweo kilikuwa kimeziba. Kitu kilichomkausha ndicho kilichomkinga na sumu. Msiitegemee bahati ya namna hiyo.

Hesabu ya biashara

Kuna anayesoma hapa anasema, "Mtaalamu, mimi nina sungura mia, siwezi kuuguza mmoja." Sawa, tupige hesabu.

Jike likifa leo, ukaliweka badala yake jike dogo la miezi miwili, utasubiri mpaka lifikie miezi mitano au sita ulipandishe. Ongeza mwezi mmoja wa mimba. Ongeza miezi mitatu watoto wafike sokoni. Kizimba kile kimekaa zaidi ya miezi saba bila kukuingizia kitu, na muda wote huo unalisha. Linganisha na pakiti mbili za ORS, bomba la sindano na usiku mbili za kuamka.

Ila niwe mkweli. Si kila sungura ataokoka, na mfugaji wa biashara lazima ajue mahali pa kusimama. Mimi natumia saa 24. Baada ya saa 24 za joto na maji, napima tena: uzito umepanda? Kuna kidonge hata kimoja cha kinyesi? Fizi zimelowana? Kama yote ni hapana na mtaalamu ameshamwona, kumwachia aendelee kuteseka si huruma. Malizeni bila mateso, na mzoga ufukiwe. Sungura anayekufa kwa ugonjwa usioujua, au aliye kwenye dawa, haliwi wala hauzwi. Wakifa wawili watatu kwa siku chache, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata ili sampuli ziende maabara.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuamka saa 8 usiku

- Bonyeza kila kinyweo kwa kidole kila asubuhi na jioni. Banda la majike 22 ni dakika tatu.
- Kipupwe hiki, maji ya asubuhi yavunje ubaridi. Maji ya baridi kali wanayanywa kidogo.
- Mgonjwa na mwenye watoto wawekee pia bakuli zito la udongo. Sungura hunywa zaidi kwenye bakuli kuliko kwenye ncha ya chuma.
- Pima uzito kila wiki na uandike.
- Weka sanduku bandani: mabomba ya sindano, ORS pakiti tatu, kipimajoto, taulo, chupa mbili za maji ya moto, mizani, na namba ya simu ya mtaalamu wako.

Bibi aliishia wapi?

Watoto wake wanne tuliwahamishia kwa jike lingine lililozaa siku moja kabla yake, likawapokea. Wawili walikuwa wameshakufa tulipofika, wa tatu alikufa usiku ule. Hiyo ndiyo bei ya kinyweo kimoja kilichoziba.

Bibi mwenyewe alichukua siku tatu. Asubuhi ya siku ya tatu yule mtoto alinipigia yeye mwenyewe, kwa simu ya kaka yake, hata salamu alisahau: "Mtaalamu, amekunya!" Vidonge vinne, vidogo kama punje za pilipili manga, vigumu, vibaya. Sijawahi kufurahia mavi namna ile. Jioni alikula tembele la kwanza kwa mkono wa mtoto, na kesho yake vidonge vikaanza kuwa vikubwa.

Nilimuuliza yule kijana amejifunza nini. Hakunijibu. Aliinuka akaenda kwenye kizimba cha kwanza, akabonyeza kinyweo, kikatoa tone, akaenda cha pili.

Leo kabla hujalala, na wewe nenda kabonyeze vya kwako. Tukutane somo lijalo.